Kasha la marehemu kukhu (bibi yangu), Mumias: ni la Pwani, la Wahindi au la fundi wa hapa? Dalali ameshapandisha bei

#1 Mwanawanga
Hamjambo wadau. Naishi Nakuru, nyumbani ni Mumias. Kukhu alituacha mwezi wa pili, na Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatoa vitu nyumbani kwake ili paa lirekebishwe. Tukalitoa kasha lake nje kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Siku zote lilikaa chini ya dirisha na kitambaa cha kufuma juu, na mtoto aliyejaribu kulikalia aliita fimbo.

Ni la mbao nzito, rangi kati ya nyekundu na nyeusi, urefu futi 4 kasoro kidogo. Limepigiliwa vichwa vya shaba vya njano kwa mistari na maduara, na mabamba ya shaba yaliyokatwa kama majani. Chini kuna droo 3 fupi. Ndani, upande wa kushoto, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kifuniko kikubwa kwa ndani kimebandikwa magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Ndani ya kasha tulikuta nguo, kopo la sarafu, na karatasi za shule za akina baba.

Jirani alipiga picha akamtumia dalali wa Kisumu. Asubuhi yake dalali yuko uani na pikapu. Akaweka 45,000 taslimu. Nikasema hapana, akaenda mpaka getini, akarudi na 55,000. Mtu anayeongeza elfu 10 kati ya mlango na geti anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Naomba kujua: hili ni kasha la wapi, la lini, na bei ya haki ni ipi?

#2 Jakisumo
Pole kwa msiba. Usiuze. Hayo tu kwa sasa.

#3 MwanaPwani_Kondele
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Kisumu. Hilo kwetu tunaliita kasha la njumu. Hivyo vichwa vya shaba ndizo njumu. Kila nyumba ya heshima ilikuwa nalo, na bi harusi alitolewa nalo likiwa na nguo, dhahabu na udi. Kisanduku cha kushoto ni cha vitu vidogo: pete, pesa, funguo. Yako mengine ambayo ukikitoa hicho kisanduku, chini yake kuna mahali pa siri. Umejaribu?

Kwa Mumias sishangai hata kidogo. Waswahili walifika huko na misafara kabla ya Mzungu kujenga boma. Hilo ni la Pwani.

#4 Fundi_Shabab
Mimi ni seremala hapa Nakuru, miaka 23 kwenye randa. Kabla hatujaliita la Pwani, naomba uangalie mambo haya ukiwa na tochi.

Kwanza skrubu za bawaba. Zikiwa na alama ya msalaba kichwani, hazikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Zikiwa na mfereji mmoja, toa moja taratibu uangalie ncha: za zamani sana, kabla ya katikati ya karne ya 19, zilikuwa butu kama kidole, na mfereji wake mara nyingi haukukaa katikati. Zenye ncha kali ni za mashine.

Pili, chomoa droo uigeuze. Alama za msumeno zikiwa nusu duara, mbao ilipasuliwa na msumeno wa mviringo, yaani kiwandani. Zikiwa mistari iliyonyooka isiyolingana, ni msumeno wa mkono.

Tatu, sumaku. Shaba haishiki. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi.

Na nakuomba kwa heshima: USIPIGE MSASA. USIPAKE VANISHI. Usiisugue shaba kwa jivu na ndimu.

#5 Kijana_wa_Njoro
Fundi, mbona asiisugue? Si ikimeremeta ndiyo bei inapanda?

#6 Fundi_Shabab
@Kijana_wa_Njoro hapana. Nikueleze lililonitokea. Mwaka 2014 mama mmoja aliniletea kigoda cha babake, cha miguu minne, kilichochongwa kwenye kipande kimoja cha gogo. Kiti chake kilikuwa cheusi kinang'aa kwa kukaliwa, na ukingo mmoja ulikuwa umelika pale mzee alipozoea kuweka kisigino. Nikapiga msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, nikapaka vanishi mikono mitatu. Mama akafurahi, akanilipa. Baada ya wiki mnunuzi aliyekuwa akikisubiri akaja, akakigeuza mara moja, akakirudisha chini. Akamwambia hiki sasa ni kigoda kipya. Ule weusi wa jasho la miaka hamsini ndio alikuwa akiununua, nami niliufagia nikautupa na vumbi. Yule mama hakunilaumu. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa.

#7 Kijana_wa_Njoro
Asante Fundi. Nimeelewa.

#8 Mkusanya_Kitale
Mwanawanga, turudi kwenye kopo la sarafu. Kuna nini humo?

#9 Mwanawanga
Asanteni nyote. Nimerudi Mumias wikendi hii nikafanya yote mliyosema. Majibu:

Skrubu za bawaba: mbili za msalaba, nne za mfereji mmoja zenye ncha.
Droo: alama zimenyooka, hazilingani.
Sumaku: mabamba hayashiki kabisa. Njumu za mbele hazishiki, ila upande wa kulia kuna kama 15 zinashika.
Kisanduku cha kushoto: nimejaribu kukitoa, kimekaza. Sikutaka kulazimisha.

Sarafu: nyingi ni za senti 10 zenye tundu. Moja ni ya 1936 na imeandikwa EDWARDVS VIII. Rafiki yangu anasema huyo mfalme alitawala mwaka mmoja tu, kwa hiyo ni mamilioni. Ni kweli?

#10 Mkusanya_Kitale
Si kweli, ndugu, na nakuambia mapema kabla hujalipa nauli ya kwenda Nairobi kuitafutia mteja.

Ni kweli Edward wa Nane hakumaliza mwaka. Alijiuzulu Desemba 1936. Nchi nyingi hazikuwahi kutoa sarafu yake kwa matumizi. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu katikati, hazina sura ya mfalme, ni jina tu. Kwa hiyo zilipigwa mapema na kwa wingi. Nimeziona kwenye makopo kama hilo la kukhu kuanzia Busia mpaka Molo. Zina umuhimu wake kihistoria, lakini hazijengi nyumba.

Tazama kama kuna herufi ndogo H au KN. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton. Hazibadilishi bei sana, ila utajua ilikozaliwa.

Kama una shilingi za simba, ziweke kando kwa mafungu. Za kuanzia 1921 hadi 1925 na za 1937 hadi 1946 zina madini ya fedha robo, robo tatu ni metali nyingine. Shilingi moja ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha halisi ni chini ya gramu 2. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe.

Ukikuta yenye picha ya MIZANI na mwaka 1888, hiyo niambie kwanza. Ni pesa ya kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa kabla ya serikali. Na usioshe hata moja!

#11 Jakisumo
Mkusanya umetufundisha. Nilikuwa na hiyo ya 1936 kwenye pochi miaka 6 nikijua ni shamba.

#12 OmukhanaWaButere
Mimi sikubaliani na la Pwani. Mumias, Butere, Yala, kote kulikuwa na maduka ya Wahindi. Mamangu alinisimulia walivyoondoka kwa haraka mwisho wa miaka ya 60, sheria za leseni za biashara na uhamiaji za 1967 zilipobana wasio raia. Vitu vizito havingeingia kwenye ndege. Meza, makasha, masufuria makubwa ya shaba, vyote viliachwa au viliuzwa kwa bei ya kutupa. Nyumba ngapi huku zina kitanda cha chuma na kabati la kioo lililotoka dukani kwa Mhindi! Kukhu alinunua hapo.

#13 MwanaPwani_Kondele
Dada, hata kama alinunua kwa Mhindi, bado ni kasha la njumu.

#14 OmukhanaWaButere
Lakini la njumu na la Pwani si kitu kimoja. Mengi yanayoitwa ya Zanzibar yalitengenezwa India, Surat na Bombay, yakaja na majahazi.

#15 MwanaPwani_Kondele
Hapo umesema kweli, na bibi yangu mwenyewe alikuwa akisema "kasha la Surati". Lakini likishakaa Mombasa vizazi vitatu na kutoa mabibi harusi watatu ni la Pwani, mtu asinibishie!

#16 Mwalimu_Bungoma
Nafundisha historia. Nisahihishe na niongeze.

Mumias zamani iliitwa Kwa Sundu, kwa jina la mfalme wa Wanga aliyemtangulia Nabongo Mumia. Joseph Thomson alipopita 1883 tayari misafara ya Pwani ilikuwa ikijua njia hiyo, ikija kwa pembe za ndovu na kulisha wapagazi. Uislamu Mumias una mizizi humo. Kwa hiyo dhana ya MwanaPwani haitoki hewani.

Ila kuna tatizo la uzito. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Mwanawanga, hilo kasha lina kilo ngapi likiwa tupu?

#17 Mwanawanga
Mwalimu, nimelipeleka posho mill tukaliweka kwenye mizani ya magunia. Kilo 52. Watu wote waliokuja kusaga walisimama kulitazama, na mzee mmoja akasema "hilo ni la mama fulani, namjua".

#18 Mwalimu_Bungoma
Kilo 52 ni wapagazi wawili na mti begani, kwa miezi, kwa kitu kisichouzika njiani. Mfanyabiashara angebeba nguo, shanga na waya. Mimi nasema lilikuja kwa reli, baada ya 1903.

#19 MzeeWaGariMoshi
Mwalimu, nakuheshimu lakini hapo rekebisha. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Nimefanya kazi Kisumu stesheni miaka 28, hilo siwezi kunyamazia.

Na kuhusu uzito, usiwadharau wapagazi. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilikuja vipande vipande. Ikabebwa kutoka mwisho wa reli mpaka ziwani kwa mabega ya watu, ikaelea 1900 kabla reli yenyewe haijafika. Walioleta meli kwa kichwa, kasha la bi harusi litawashinda?

Mwanawanga, tazama kama kuna herufi zimepigwa mhuri mahali, hata kwenye kufuli. UR ni Uganda Railway, kabla ya 1926. KUR, Kenya and Uganda Railway, ni baada ya hapo. EAR&H, East African Railways and Harbours, ni kuanzia 1948, na EAR peke yake ni 1969 mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Nina taa ya ishara yenye KUR sebuleni, wajukuu wanaijua kuliko picha yangu.

#20 Mwalimu_Bungoma
Asante Mzee, 1901 ni sahihi. Nimekosea.

#21 NyarGem
Mzee wa reli, hiyo taa kama imepotea kwenye stoo ya shirika rudisha 😀

#22 MzeeWaGariMoshi
Nyar Gem, niliinunua kwenye mnada, risiti ninayo!

#23 Onyi_Ahero
Samahanini kwa kuingilia. Mwanawanga umesema nyumbani kuna vitu vya zamani. Kama kuna cherehani ya Singer nakuomba uwe macho.

Mwaka juzi vijana wawili walikuja kwa mamangu. Wakasema Singer za kale zina zebaki nyekundu kwenye sindano, gramu moja ni mamilioni. "Wakapima" kwa simu: wakaweka simu karibu na sindano, mtandao ukapotea, wakasema ni yenyewe. Kisha wakasema mnunuzi yuko Nairobi, ila lazima mtaalamu aje na dawa ya kuitoa, na dawa ni 30,000. Mama aliuza ng'ombe. Wale vijana hawakuonekana tena na simu zao hazipatikani. Mama hajaishona hata kiraka tangu siku hiyo. Ameifunika shuka.

#24 Mkusanya_Kitale
Pole sana kwa mama. Zebaki nyekundu hiyo haipo. Uvumi huo huo ulilipuka Saudia mwaka 2009, watu wakanunua cherehani mbovu kwa bei ya gari mpaka polisi wakatoka kusema ni uongo. Wengine husema ni pasi ya mkaa, wengine redio ya zamani, wengine sarafu inayovuta mchele.

Mwambie mama cherehani yake ina thamani ya kweli, ya kushonea. Tazama namba upande wa kulia kwenye kitako. Ikianza na Y ilitoka Clydebank, Scotland, kati ya miaka ya 1920 na katikati ya 1930. Ikianza na E na herufi nyingine, ni Clydebank kuanzia 1935 hivi. Ikianza na F ni ya kabla ya hizo za Y. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Itiwe mafuta, itashona sare za wajukuu.

#25 Onyi_Ahero
Ni Y. Nimempigia sasa hivi akaenda kuitazama. Ameuliza mara mbili: "kwa hiyo ni mzee kunishinda?" Asante.

#26 Kijana_wa_Njoro
Na sisi tuna ngozi ya chui ya babu, alivaa akiwa mzee wa ukoo. Inaweza kuwa kiasi gani?

#27 Karani_K
@Kijana_wa_Njoro futa hilo swali la bei, tafadhali. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaihesabu ngozi hiyo kuwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama ni urithi wa babu. Meno ya kiboko kwenye kofia za wazee, bangili ya pembe ya ndovu, yote ni hivyo hivyo. Nendeni kama familia, na mzee wa ukoo, kwenye ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, mkaeleze. Kuiuza ndiko kutakakowafunga.

Na Mwanawanga, nina neno kwako pia. Mawili.

La kwanza, kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa mali ya kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo watu hapa wakithibitisha kwamba kasha lilikuja na misafara, mnunuzi wa nje hawezi kulibeba tu kwenye kontena. Muulize dalali analipeleka wapi.

La pili ndilo zito. Kasha ni la marehemu. Umesema "nikasema hapana", lakini hujasema shangazi zako wamesemaje. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Faini ni mpaka 10,000 au kifungo cha mpaka mwaka mmoja, au vyote. Kukhu ana watoto wangapi hai?

#28 Mwanawanga
Karani, watatu. Baba, amu aliye Eldoret, na senge, dada yao mkubwa, ameolewa Malava. Nilimwambia baba tu. Nimekuelewa.

#29 NyarGem
Umwulize senge KABLA ya dalali, kabla ya makumbusho, kabla yetu. Kasha la mama anayelijua ni binti. Nyinyi wavulana mlikatazwa kulikalia, yeye ndiye aliyetumwa kulifungua.

#30 Fundi_Shabab
Ngoja kwanza, nizungumzie majibu ya #9. Skrubu mbili za msalaba na njumu 15 za chuma zinaniambia limetengenezwa upya upande mmoja. Bawaba ilivunjika, fundi akarudishia kwa alichokuwa nacho. Mbao za droo zimepasuliwa kwa mkono. Hiyo ni dalili ya umri, lakini si ushahidi, kwa sababu wapasuaji wa mkono wapo Kakamega mpaka leo, na nimefanya nao kazi.

Swali langu ni mbao yenyewe. Ukiinusa ndani ya droo ina harufu ya ngozi, na kidole kinateleza kama kuna mafuta? Hiyo ni msaji, mti wa India. Au ni kavu, na ukitazama kwa karibu kuna vijiwe vyeupe kama chokaa ndani ya nyuzi? Hiyo ni mvule. Vijiwe hivyo vinaua meno ya msumeno, kila fundi wa Busia anavijua. Ikiwa mvule, basi jina langu naliweka mezani: kuna fundi wa hapa hapa aliyeona kasha la Mhindi akaliiga. Mafundi wetu wa zamani waliweza hayo na hawatajwi kamwe.

#31 MwanaPwani_Kondele
Fundi, mvule iko hata Pwani. Hiyo haimalizi neno.

#32 Fundi_Shabab
Kweli. Lakini hayo majani ya shaba yaliyokatwa kwa mkasi… sawa, nangoja.

#33 Mwanawanga
Nimerudi. Droo ya kati chini: vijiwe vyeupe VIPO. Lakini mbao ya mbele na kifuniko haina, na kidole kinateleza. Kwa hiyo ni mbao mbili tofauti?

Kingine. Pembe moja ya gazeti ndani ya kifuniko ilikuwa imejiinua yenyewe. Maandishi si Kiingereza wala Kiarabu. Ni herufi za mviringo, zimepindapinda, kila moja imesimama peke yake.

#34 OmukhanaWaButere
Juu ya herufi kuna mstari mrefu unaoziunganisha kama nguo kwenye kamba?

#35 Mwanawanga
Hakuna mstari.

#36 OmukhanaWaButere
Kigujarati! Kihindi kina huo mstari juu, Kigujarati hakina. Nilisoma na watoto wa Kigujarati Kisumu, daftari zao nilizitazama miaka mitano. Basi nimeshinda. Ni la duka la Mhindi, na gazeti lake mwenyewe lilibandikwa ndani.

#37 Mkusanya_Kitale
Omukhana pole pole. Gazeti linaonyesha tu gazeti. Sukari na misumari vilifungwa kwa karatasi hizo hizo, kila nyumba ilikuwa nazo. Hata sarafu ni hivyo: ningekuta ile ya mizani humo, ingeniambia mtu aliiweka, isiniambie kasha lilizaliwa lini.

Usilibandue gazeti, tafadhali. Linaweza kuwa na tarehe. Likipigwa picha kwa mwanga wa pembeni, msomaji wa Kigujarati atatafuta mwaka.

#38 Jakisumo
Kwa upande wa bei nataka kusema kidogo kwa sababu nimekuwa nikizunguka soko la Kibuye, Kisumu, kila Jumapili. Watu hutazama mtandaoni, wanaona kasha kama hilo limewekwa kwa dola elfu kadhaa London, wanadhani ndiyo bei. Hiyo ni bei ya kuomba. Tafuta bei ya kilichouzwa kweli, kisha ondoa usafiri, ondoa faida ya mwenye duka, ondoa hizo njumu 15 za chuma na bawaba. Kinachobaki ndicho dalali anachokipigia hesabu anapotoka getini.

Nami nilijifunza kwa hasara. Sahani za santuri za benga za baba, zaidi ya 60, nyingine ndani ya mifuko yake, niliziuza shilingi 50 kila moja mwaka 2011. Aliyenunua alizipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Sikuelewa mpaka nilipokuja kujua watu wa Ulaya wanazitafuta. Lakini kinachoniuma si pesa. Kuna wimbo mmoja baba alikuwa akiuweka jioni, sikumbuki jina la bendi, nakumbuka gitaa tu, na sina pa kuusikia tena.

#39 NyarGem
Omera, pole. Uimbe hapa kwa herufi labda kuna anayeujua.

#40 Kijana_wa_Njoro
Makumbusho ya Kisumu si wanaweza kulithaminisha?

#41 Karani_K
Wanaweza kusaidia kulitambua. Kazi yao ni kutambua na kuhifadhi, si kupanga bei ya soko. Apeleke picha, vipimo, na kipande cha maelezo, asiende na kasha lenyewe kwenye matatu.

#42 Mwalimu_Bungoma
Mbao mbili kwenye #33 zinanisumbua. Msaji mbele na mvule chini. Nani atatufafanulia?

#43 Fundi_Shabab
Mimi ninasoma hivi: kasha lilikuja bila droo, au droo zilioza kwa kukaa kwenye sakafu ya udongo. Mbao ya chini ndiyo hufa kwanza, mchwa na unyevu. Fundi wa hapa akaweka chini mpya ya mvule. Kwa hiyo mwili ni wa mbali na miguu ni ya Mumias. Natamani sana kumjua fundi huyo.

#44 MwanaPwani_Kondele
Basi mimi na wewe tumepata nusu nusu.

#45 OmukhanaWaButere
Na mimi gazeti.

#46 Mwanawanga
Wadau, senge alifika jana kutoka Malava. Nimeandika hivi ili nisisahau.

Aliingia, hakunisalimu kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye kasha akaweka kiganja juu ya kifuniko. Akakaa kimya. Kisha akaniuliza kwa nini liko katikati ya nyumba.

Nikamweleza kuhusu ninyi, misafara, reli, Kigujarati. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema magazeti aliyabandika yeye, akiwa darasa la nne, kwa uji wa muhogo. Aliyatoa dukani walikokuwa wakinunua mafuta ya taa. Kukhu alimwambia aufunike upande wa ndani kwa sababu kulikuwa na maandishi, na kukhu hakupenda wageni wayaone kila anapofungua.

Nikamuuliza maandishi gani. Anasema yalichongwa kwenye mbao, si wino. Mistari miwili. Hakujua kuyasoma wakati huo na hajui yalikuwa ya lugha gani. Anakumbuka tu kwamba kidole chake kiliingia ndani yake.

Kuhusu lilikotoka, anasema kukhu alikuja nalo alipoolewa, kutoka kwa mamake. Kabla ya hapo hajui. Droo anamkumbuka fundi aliyezitengeneza, mzee mwenye mguu mmoja mfupi aliyekaa karibu na mto Nzoia. Alilipwa kuku wanne na debe la mtama. Jina lake watu walimwita Fundi tu.

Kisha akanyosha mkono ndani, akakibonyeza kile kisanduku cha kushoto kwa chini, kikachomoka kama jino la mtoto. Chini yake palikuwa na nafasi ya kina cha vidole viwili. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa na kitovu cha baba kilichokauka. Amekirudisha kama kilivyokuwa.

Ufunguo ameondoka nao.

#47 MwanaPwani_Kondele
Subhanallah.

#48 Fundi_Shabab
Fundi wa Nzoia, mguu mmoja mfupi. Asante kwa kumwuliza. Kuna yeyote wa Mumias au Matungu ambaye babu yake alimtaja?

#49 Mkusanya_Kitale
Mwanawanga, bila kubandua gazeti: weka karatasi nyembamba nyeupe juu ya gazeti, senge akiruhusu, usugue polepole kwa upande wa penseli. Kilichochongwa chini kitajitokeza hata kupitia karatasi mbili kama kimeingia kina cha kidole. Kama ni Kiarabu, MwanaPwani atasoma. Kama ni Kigujarati, Omukhana atafute waliosoma naye.

#50 OmukhanaWaButere
Nimeshampigia mmoja, yuko Leicester. Anasubiri picha.

#51 Mwanawanga
Senge amekubali, ila awepo. Anakuja Jumamosi ya tarehe 14 na ufunguo. Dalali amepiga simu leo, amefika 80,000. Nimempa namba ya senge.